Verna Stroud na Ukuta wa Mtaa wa Chini

Baba Paroko, majirani wa Mtaa wa Chini, ndugu mliosafiri kutoka Omaha na Cedar Rapids, na ninyi wa Mlimani mlioshuka leo kwa hiari yenu, poleni kwa msiba, na karibuni. Familia imenikabidhi mimi, Corinne, binti wa marehemu, kazi ya kuwasomea historia hii, nami niliikubali kwa sharti moja, kwamba isipunguzwe, maana kuna waliopiga simu juzi wakiomba kwa upole sehemu fulani irukwe, na jibu letu kwao ni kwamba marehemu hakuwa mtu wa kurukwa, wala hataanza leo akiwa hawezi kujitetea.

Marehemu Verna Blanche Kubicek alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Februari 1951, hapa hapa Port Tabor, katika chumba cha juu cha nyumba ya duka, Barabara ya Front, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Emil Kubicek, muuza vifaa vya ujenzi, na mkewe Albina, ambaye wengi wenu mlikula kolache zake, ile mikate midogo mitamu ya plamu, katika kila harusi na kila matanga ya parokia hii. Alibatizwa katika kanisa hili la Mtakatifu Wenseslaus, akapata Komunyo ya Kwanza mwaka 1959, na hadi mwisho wa maisha yake alikaa benchi lile lile la kushoto, akimnong'onezea aliyekaa karibu naye pale mahubiri yalipozidi urefu, jambo ambalo mapadre watatu walilivumilia.

Alisoma shule ya parokia, kisha shule ya sekondari ya Port Tabor, akahitimu Mei 1969, lakini mwenyewe alisema kwamba elimu yake kubwa aliipata Aprili 1965, akiwa na miaka kumi na minne, siku Mto Mississippi ulipoingia dukani na kupanda hadi rafu ya pili. Wakati yeye na baba yake wanapandisha makopo ya misumari juu ghorofani, aliwaona watu wa Mlimani wameshuka hadi pale maji yalipoishia, wamekunjua viti vyao, wamekuja na chupa za kahawa, wanautazama mto. Hawakuwa watu wabaya, na baadaye walileta supu, lakini marehemu hakuvisahau vile viti, na alisema kwamba siku ile alielewa mji mmoja unaweza kuwa na mto mmoja na bado mafuriko yakawa ya watu fulani tu.

Baada ya shule aliajiriwa katika kiwanda cha vifungo cha hapa mjini, kitengo cha kupanga rangi, akafanya kazi humo hadi mwaka 1976, Mzee Emil alipofariki, ndipo akalichukua duka la Kubicek na kuliendesha bila kufunga, ukiacha Jumapili na zile wiki ambazo mto wenyewe ndio uliofunga. Aliuza mabomba, misumari, koleo, rangi na pampu, alijua nani anajenga na nani anajidai anajenga, na mtu akija na ufa wa ukuta alimwambia aeleze kwanza maji yanatoka wapi, kwa sababu kuziba ufa bila kujua hilo ni kujipaka poda.

Tarehe 23 Juni 1973 alifunga ndoa takatifu na Bwana Orrin Stroud, fundi wa ishara za reli, mtu mpole, mrefu, mzungumzaji wa maneno machache, ambaye watu walidhani anatawaliwa na mkewe, ilhali ukweli ni kwamba alikuwa akicheka kimyakimya muda wote. Mungu aliwajalia watoto wawili, Marlin, aliyezaliwa mwaka 1975, na mimi, Corinne, niliyezaliwa mwaka 1978, na wajukuu wanne. Bwana Orrin alitutoka tarehe 2 Oktoba 2011 kwa ugonjwa wa moyo, na tangu hapo marehemu aliishi peke yake juu ya duka, akikataa kila mwaka maombi ya Marlin ya kuhamia kwake Omaha, akisema Omaha ni mji mzuri ila hauna mtu wa kugombana naye.

Sasa tunafika kwenye kazi iliyomfanya afahamike kwa wengi wenu, na ndiyo hiyo iliyopigiwa simu.

Marehemu alijiunga na Chemba ya Wafanyabiashara ya Port Tabor mwaka 1988, na baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1993 aliingizwa katika kamati ya mambo ya Washington, mwanamke wa kwanza kukaa humo. Kila Februari wanachama hukutana kwa kifungua kinywa katika ukumbi wa chini wa hoteli, wanakula chapati za maji na soseji, wanabishana, halafu wanapiga kura kuchagua mambo matatu ambayo mji utaiomba serikali kuu, mambo hayo yanachapwa kwenye kadi moja, na Aprili ujumbe unapanda ndege kwenda kuyasema kwa mbunge na maseneta. Ni matatu tu, kwa kuwa anayeomba kumi huondoka na kalamu na picha ya ukumbusho.

Kwa miaka mingi jambo la kwanza kwenye kadi lilikuwa ukuta wa kuzuia mafuriko Mtaa wa Chini, na lilikuwa la kwanza kwa sababu Verna Stroud alisimama kila Februari na kulitetea. Ukuta ulikwisha kuidhinishwa tangu zamani, lakini haukupata fungu la fedha, maana wahandisi wa serikali wana kanuni yao, kwamba gharama ya ukuta isizidi thamani ya vitu utakavyoviokoa, na nyumba zetu za mbao, maduka yetu na gereji zetu kila walipozipima zilikuwa hazitoshi. Marehemu alirudi na jibu hilo mara ya kwanza, akasimama mbele ya Chemba nzima, akawaambia, "Kumbe nyumba ya maskini inaruhusiwa kulowa kwa sababu ni rahisi," akakaa chini.

Wapo waliomtania kwamba duka lake halikuwahi kuuza kama linavyouza mto ukifurika, wakamuuliza ukuta ukijengwa pampu zake atamuuzia nani. Aliwajibu kwamba atauza rangi, kwa sababu mtu mwenye nyumba kavu hupaka rangi, na mtu mwenye nyumba inayolowa kila baada ya miaka michache hapaki, anangoja tu, na kungoja hakuuzwi dukani.

Zaidi ya utani, alipambana na tabia moja ya Chemba ambayo wenyewe huiita busara, yaani kuweka kwenye kadi jambo ambalo tayari Washington wamekwisha kulikubali, ili likitoka, waandikwe gazetini kwamba wamelipata wao. Marehemu aliita hiyo kuomba mvua mawingu yakiwa yameshatanda. Alisema kazi ya kadi ni kuomba lile ambalo mtu hataki kukupa, kwani lile analotaka kukupa mwachie alilete mwenyewe.

Mwaka 2004 ulitokea mkasa uliozaa kanuni mnayoijua. Ujumbe ulifika kwa mbunge na ukuta ukiwa wa kwanza, lakini mfanyabiashara mmoja wa nafaka, sasa marehemu, Mungu amrehemu, alimvuta pembeni msaidizi wa mbunge na kumwomba fedha za gati lake binafsi, msaidizi akaandika gati, akasahau ukuta. Verna alirudi amefura, akaketi, akaandika kwa mkono wake kanuni ya Sauti Moja, kwamba yeyote anayesafiri kwa jina la Chemba atasema yaliyomo kwenye kadi na si kingine, na atakayesema lingine si mwanachama tena. Ilipita bila kupingwa, yeye mwenyewe akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na tutawaambia alivyoingia, na alivyotoka.

Alhamisi, tarehe 8 Februari 2024, katika kifungua kinywa cha mwaka ule, rais wa Chemba, Bwana Grant Dellinger, ambaye yuko nasi hapa na tunamshukuru kwa kuja, alipendekeza ukuta uondolewe kabisa kwenye kadi, na mahali pake iwekwe njia ya kuingilia barabara kuu kule Mlimani, karibu na maghala. Njia hiyo ilikwisha kukubaliwa Washington tangu vuli, hilo lilijulikana kwa kila mla chapati mle ndani. Kuhusu Mtaa wa Chini, alisema kwamba mji uwe na moyo wa kukubali ukweli, nyumba zinunuliwe, zibomolewe, watu walipwe wahame, na pawe bustani nzuri ya kutembea kando ya mto. Marehemu alizungumza hadi kahawa ikapoa, kura ikapigwa, akashindwa, na sauti ya vijiko ilipoanza tena, Bwana Dellinger alimwambia, kwa tabasamu ambalo tunaamini lilikuwa la urafiki, "Verna, asiyekubali kushindwa si mshindani."

Marehemu akamwambia, "Mimi si mshindani, Grant. Mimi ni jirani ya mto."

Wengi walitegemea asisafiri, lakini nafasi yake katika ujumbe ilikuwa bado ni yake, akasafiri, na Jumatano, tarehe 17 Aprili 2024, akaketi pamoja na wenzake katika ofisi ya mbunge, kadi mkononi, beji ya Chemba kifuani. Wakasema njia ya Mlimani, wakasema uwanja mdogo wa ndege, wakasema mafunzo ya mafundi wa kuchomelea. Msaidizi wa mbunge, dada mmoja aliyekuwa amempokea marehemu kila mwaka na kuzijua hoja zake kwa moyo, aliigeuza kadi nyuma na mbele, halafu akamtazama yeye, si rais, akauliza, "Na ukuta, Bi. Stroud? Mwaka huu hamuuombi?"

Mimi nilisimuliwa tukio hili na mama zaidi ya mara moja. Jibu lilikuwa mdomoni. Mtaa mzima ulikuwa mdomoni, duka la Mzee Emil, kinyozi, wale wajane wa Barabara ya Pili wanaopandisha vitanda juu ya matofali kila Machi, na kilichomfunga mdomo hakikuwa Bwana Dellinger wala kura, kilikuwa kanuni aliyoiandika yeye, kwa kalamu yake, akidhani anaulinda ukuta. Angeweza kuivunja, na pengine mtu mwingine angeivunja na sisi tungempigia makofi, ila marehemu aliamini kwamba ukivunja ahadi yako mwenyewe ofisini kwa mtu, ukuta utakaouomba baadaye hautaaminiwa. Akanyamaza. Bwana Dellinger akajibu kwa niaba ya wote kwamba Port Tabor imesonga mbele, wakapigwa picha, wakatoka.

Ndani ya lifti, wakishuka, marehemu aliifungua ile beji kifuani, akaiweka kwenye kiganja cha Bwana Dellinger, akasema, "Shika, Grant. Hii inanibana mdomo." Lifti ilipofunguka chini wenzake walitoka, yeye akabaki ndani, akabonyeza kitufe, akarudi juu. Aliingia tena katika ofisi ile ile, kwa yule yule dada, akiwa hana beji, hana kadi, hana chama, mjane mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaketi bila kukaribishwa, akasema, "Sasa nimekuja mimi mwenyewe. Niulize tena lile swali lako."

Kwa hiyo wale walioomba kwa simu kwamba tuseme marehemu alistaafu Chemba kwa sababu ya umri, hakustaafu. Alijitoa, akiwa na akili timamu, kati ya ghorofa ya tatu na ya chini. Na kwa shada zuri lililoletwa jana na Chemba, lenye utepe wa dhahabu ulioandikwa "Mwanachama Wetu Mpendwa," familia inashukuru sana kwa maua, yako pale mbele mnayaona, utepe tumeutoa na umewekwa kwenye bahasha, wenyewe wataupata mlangoni.

Alichokisema mle ofisini hakikuwa kipya, kipya kilikuwa kwamba mbunge alitoka chumbani kwake kusikiliza. Miezi mitatu baadaye ilikuja taarifa kwamba wahandisi wataupima upya ukuta wa Port Tabor, na kwamba watakuja kuwasikiliza wakazi wenyewe, katika ukumbi wa shule ya sekondari, Jumatatu, tarehe 24 Machi 2025, siku kumi kuanzia leo. Tusidanganyane, huo si ukuta, hata tofali halijawekwa, na Chemba imekwisha kutangaza kwamba itakuja na picha za bustani. Lakini ni mara ya kwanza mtu anakuja kuuliza.

Marehemu alianza kuumwa Agosti 2024, akidhani ni tumbo la kawaida, na tarehe 6 Septemba madaktari walithibitisha kwamba ni saratani ya kongosho, iliyokwisha kusambaa. Aliuliza kama atafika Machi 24. Daktari, mtu mwaminifu, alisema hawezi kumwahidi, naye akasema basi hana muda wa kuwa mgonjwa vizuri. Kipupwe chote, akiwa amejifunika blanketi nyuma ya kaunta, alimpokea kila aliyeingia kununua hata skrubu, akamketisha, akamfundisha namna ya kusimama mbele ya wahandisi, asilie, asitukane, aseme jina lake, nyumba yake, na miaka aliyokaa humo. Kinyozi, Bwana Tully, alifundishwa mara nyingi kwa sababu ya tatizo la kutukana. Wajane wa Barabara ya Pili walifaulu mara ya kwanza.

Januari alihamishiwa kitanda chini dukani, kwa kuwa ngazi zilimshinda, na hapo ndipo Marlin alipokuja kutoka Omaha akakaa, akalala kati ya rafu za rangi, na mama na mwana wakapatana juu ya mambo ambayo si ya kusomwa hapa. Marehemu aliogopa kufa, tunalisema wazi kwa kuwa mwenyewe alilisema wazi, na aliogopa zaidi kwamba akishaondoka watu watachoka. Alipokea Mpako wa Wagonjwa Ijumaa, tarehe 7 Machi, na Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, asubuhi, barafu ya mto ikianza kusikika ikipasuka, alifariki dunia mikononi mwa watoto wake, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wauguzi wa nyumbani waliovuka madimbwi ya Barabara ya Front kila siku bila kulalamika, na mmoja wao aliyemwachia marehemu alalamike yeye. Tunawashukuru majirani wa Mtaa wa Chini kwa supu, kwa kuni, kwa kulifungua duka na kulifunga, na kwa kutomdanganya. Tunaishukuru parokia, kwaya, na akina mama waliooka kolache usiku kucha, zipo ukumbini, msiondoke bila kula. Tunawashukuru wanachama wa Chemba, wale waliompigia kura na wale waliopiga kinyume, kwa kuwa aliwapenda wote kwa namna yake ya kugombana, na alikuwa akisema kwamba mtu usiyeweza kubishana naye mezani huwezi kumwomba pampu mto ukipanda. Bwana Dellinger, wakati wa mafuriko ya 2019 ulileta malori yako matatu ya mchanga bila kuombwa. Marehemu alitaka hilo lisemwe leo mbele yako, na limesemwa.

Limebaki jambo la maziko, na tunaomba msikilize vizuri, kwa sababu tangazo la gazetini lilikosea. Gazeti limeandika makaburi mapya ya Mlimani, penye nyasi nzuri, ambako familia nyingi za Mtaa wa Chini zimekuwa zikiwahamishia wafu wao ili maji yasiwasumbue. Hatupandi Mlimani. Tukitoka hapa tutatembea kwa miguu, tutavuka reli, tutaingia makaburi ya zamani ya parokia, chini kabisa, mita chache kutoka mtoni, alipolala Bwana Orrin, na Mzee Emil, na Bibi Albina, mahali ambapo hajazikwa mtu tangu mwaka 2019. Wachimbaji walitushauri tusithubutu. Baba Paroko alitushauri tufikirie. Marlin alimwambia mama yake, akiwa kitandani, kwamba maji yatamfikia, labda mwezi huu huu, naye akamjibu kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo sana:

"Nizikeni chini. Wakija kupima thamani ya mtaa, wanihesabu na mimi."

Kwa hiyo Jumatatu ya tarehe 24, kabla ya kwenda ukumbini, tutawapitisha wahandisi pale kwanza, na picha za bustani zije pia, ziwekwe juu ya kaburi bichi, tuone zitakavyokaa. Anayetaka Mtaa wa Chini uhame sasa ana mkazi mmoja ambaye hawezi kumnunua wala kumtisha.

Verna Blanche Kubicek Stroud, mama yetu, umefanya kazi yako, umelala kwenu. Mungu akupe amani yake. Usihame.